Chupa ya Morfini na Tumbo la Baba Mkwe

Shemeji yangu mkubwa ana tabia ya kukohoa kidogo kabla ya kusema jambo asilolijua. Nimeolewa katika ukoo huu muda wa kutosha kukitambua kikohozi hicho. Alikohoa mbele ya fundi umeme, tukakaa gizani wiki nzima. Alikohoa mbele ya fundi wa kisima, shimo likachimbwa pasipo na maji. Halafu akakohoa mbele ya muuguzi huko Njombe, na hilo ndilo ninaloliandika, kwa sababu lilimletea baba mkwe wangu mateso ambayo hayakuwa na ulazima wowote.

Namdharau. Niliandika neno hilo nikalikata, nikaandika "simwelewi", nikaona nadanganya. Namdharau. Lakini mimi ni mtu wa darasa la saba, na najua dharau ni rahisi kwa mtu ambaye hakuna anayemuuliza tufanye nini. Kwa hiyo mema yake nayo nitayasema kila yanapokuja. Si mengi, ila yapo.

Tunakaa Kitandililo. Mume wangu anapasua mbao kwenye mashamba ya miti upande wa Kifanya na anarudi kazi inapokwisha, si kabla. Baba mkwe alihamia chumba chetu cha mbele baada ya mama mkwe kufariki. Shemeji, yaani kaka wa mume wangu, ana duka la vifaa vya ujenzi Makambako mjini. Ana gari, alifika kidato cha sita, na ni mzee wa kanisa. Vyote hivyo kavipata kwa jasho lake, sikatai.

Saratani ya tezi dume ya mzee ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa. Alikuwa hawezi kulalia ubavu wowote. Blanketi lenyewe lilimuumiza, na baridi ya huku ya mwezi wa sita si ya mtu kulala bila blanketi. Hospitali ikampa morfini ya maji, ya kunywa, na kibomba cha plastiki cha kupimia. Baada ya siku chache akalala usingizi wa kweli. Akaomba viazi vya kuchemsha na chumvi. Akamwambia jirani yetu kwamba kuku wake wanatembea kama madiwani, na jirani akacheka mpaka akashika ukuta. Nilikuwa nimesahau kwamba mzee huyu ni mchekeshaji. Maumivu yalikuwa yamemfunika mtu mzima, hata sisi tukaanza kudhani maumivu ndiyo yeye.

Sasa nieleze mipaka yetu, maana bila hiyo habari hii haieleweki. Mimi ni mkamwana wake, mke wa mwanawe. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawazoeani ovyo, na mzee alilelewa na miiko mikali kuliko yetu ya sasa. Sikumpa mkono. Sikukalia kitanda chake. Chakula niliweka juu ya stuli, nikarudi mlangoni, ndipo tukaongea, na tuliongea mambo ya juu ya mkanda: mvua, mahindi, taarifa ya habari. Maji ya kuoga niliyaacha nje ya bafu, akaoga mwenyewe. Ya chini ya mkanda hayakuwa yangu kuuliza wala yake kusema. Watoto wake wa kiume nao hawakuweza kumuuliza, maana mtoto hamuulizi baba yake habari za chooni. Mtu akiwa mzima, mpango huo una heshima yake. Sijui kama waliouanzisha walimfikiria mgonjwa.

Siku tuliyopewa chupa ya kwanza tulikwenda wote Njombe kwa gari la shemeji. Niseme haki yake: mafuta yake, gari lake, na aliendesha taratibu kwenye kila shimo kwa ajili ya mgongo wa baba yake. Kwenye chumba cha kliniki aliingia yeye na mzee. Mimi nilibaki kwenye benchi na kikapu, mlango uko wazi.

Muuguzi akauliza maumivu, usingizi, chakula. Halafu akauliza, "Choo anapata?"

Mzee akatazama dirisha. Shemeji akakohoa.

"Sista, kwa upande huo mzee yuko vizuri kabisa."

Hakujua. Angejuaje? Mzee anakaa kwangu. Lakini alijibu kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya kamati, na muuguzi akaandika. Hata hivyo akawapa vidonge vya kulainisha choo, akasema vinakwenda pamoja na ile chupa, kila siku, havisubiri shida. Tulipofika kwenye gari shemeji akavigeuza geuza.

"Hawa watu bwana. Mtu anaumwa mifupa, wanampa dawa ya tumbo. Si wanamaliza tu za stoo?"

Akavitupia kwenye kile kisanduku cha mbele ya kiti na kukifunga. Nami nilidhani ni za stoo.

Tumbo halikuchukua muda mrefu kufunga. Mimi nililijua kwa mbali, kama tunavyojua mambo katika nyumba yenye miiko. Mzee alikwenda uani na fimbo yake, akakaa sana, akarudi na uso wa mtu aliyeibiwa. Kopo la maji nililomwekea mlangoni mwa choo nililikuta limejaa vilevile. Viazi vikaanza kurudi na sahani. Akaacha kumtania jirani. Alikaa ameweka viganja vyote viwili juu ya tumbo, na tumbo lenyewe lilikuwa limesimama chini ya sweta.

Nikampigia mume wangu. "Mwambie kaka," akasema, na mashine ya kupasulia mbao ikameza sauti yake. Huyu naye, sijui nimwandike wapi. Akiwa mbali anampenda baba yake sana.

Nikamwambia kaka.

Alikuja Jumamosi na kiroba. Ndani ya kiroba mna pumba za mashineni, zilezile tunazowachanganyia nguruwe.

"Shemeji, hili jambo dogo," akasema. "Utumbo ni misuli. Tulisoma hiyo kwenye baiolojia. Msuli usipotumika unalala. Dawa yake mazoezi, na chakula chenye makapi. Uji wake changanya na hizi."

"Mzee anaumwa mifupa, shemeji."

"Ndiyo maana nasema nitamtembeza polepole."

Akamtoa. Akamshika mkono akamzungusha uani, anampigia hesabu kwa sauti, "Moja, mbili! Moja, mbili!" kama mwalimu wa mchakamchaka, na mzee ambaye saratani imo kwenye nyonga yake anaburuta kandambili kwenye vumbi na kukubali, kwa sababu ni mwanawe wa kwanza na ana nia njema. Nia njema alikuwa nayo. Nimeifikiria sana nia hiyo na bado sijui niipe uzito gani. Jasho lilimtoka mzee kwenye baridi.

Uji wa pumba aliunywa siku mbili. Siku iliyofuata akautapika, na chochote kilichoufuata.

Hapo shemeji akaja kasi, na safari hii alikuwa sahihi, lazima niandike hivyo. Alisema, "Ni ile chupa." Ni kweli ilikuwa ile chupa. Mtu anaweza kuwa sahihi na bado akakutia hasira kuliko alipokosea.

"Mnamlevya baba," akaniambia. "Kwani hujui morfini ni ndugu ya heroini? Nimesoma kwenye simu. Baba yangu mimi, mzee wa watu, aje afe teja? Watu watasema nini kanisani?"

Akachukua chupa na kibomba chake, akaviweka kwenye mfuko wa koti, akaondoka navyo Makambako. Alivifungia dukani, kwenye kabati la vitasa.

Maumivu yakarudi yote. Mzee akawa anapiga miayo, machozi na kamasi vinamtoka, anatetemeka, tumbo linamsokota na bado halifunguki. Alikuwa anauma kona ya blanketi ili mimi nisisikie. Nilipomwambia shemeji kwenye simu akasema, "Umeona? Ulevi unamtoka huo. Vumilieni." Alisema vumilieni, kwa wingi, kana kwamba tunagawana.

Mzee mwenyewe aliniambia nikiwa mlangoni, "Mkamwana, labda kijana yuko sawa. Bora mifupa. Mifupa naijua." Ndipo nikaogopa kweli. Akishaikataa dawa mwenyewe hakuna wa kumrudishia, na alikuwa bado na wiki, pengine miezi, ya kuuma blanketi.

Nikamwomba jirani akae naye, nikaenda Njombe. Muuguzi alikuwa yuleyule. Nilipomwambia yote, akalirudia jibu la shemeji polepole, "Kwa upande huo yuko vizuri kabisa," kama mtu anayeonja maziwa yaliyoharibika.

Halafu akanieleza. Sijui kama nimeyashika sawasawa, nayaweka kama nilivyoyasikia. Alikunjua mkono wa sweta lake, akatumbukiza donge la pamba ndani, akawa analiminya kwa nyuma huku akiachia mbele, donge likatembea mpaka likatokea upande wa pili.

"Utumbo unasukuma chakula hivi," akasema. "Hii siyo misuli ya mkono, huwezi kuiamuru. Inaitwa misuli laini. Ipo kwenye utumbo, kwenye kibofu, kwenye njia ya nyongo. Ina neva zake za kuipangia zamu, huyu abane, yule aachie. Morfini ikifika inazinyamazisha zile neva za zamu."

"Kwa hiyo misuli inalala?"

"Nani kasema inalala?"

"Shemeji yangu."

"Mwambie shemeji yako haijalala. Iko macho, imekunja ngumi. Kila kipande kinabana hapohapo kilipo, hakuna anayesukuma. Na mlango wa mwisho unakaza. Chakula kinakaa, utumbo unakinyonya maji, kinabaki tofali. Ukimpa pumba unaongeza tofali. Ukimtembeza unamuumiza mifupa bure."

Nikauliza swali ambalo niliona haya nalo, nikidhani ni la kijinga. Utumbo unahusika nini na dawa ya maumivu? Mbona unaisikiliza?

Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Kwa sababu mwili una ya kwake. Umewahi kujikata na jembe shambani usisikie mpaka umefika nyumbani? Mwili ulikumwagia kitu kinachofanana na morfini, wenyewe. Utumbo nao unacho, kwenye kuta zake, kidogo kidogo, cha kuwaambia wale wa zamu watulie chakula kisipite mbio. Ni kama kunong'ona. Sasa morfini inaingia kwa mlango uleule wa mnong'ono, na spika ya mkutano wa hadhara."

Akasema kichwa huzoea morfini, usingizi ule mzito wa mwanzo hupungua, ila utumbo hauzoei. Kwa hiyo vidonge vya choo si vya kungoja shida. Na ile miayo na kutetemeka si uteja, ni mwili uliozoea kitu na kunyang'anywa ghafla. Mtu anayekunywa dawa kwa kipimo kwa ajili ya maumivu yake si teja.

"Vidonge tuliwapa. Viko wapi?"

"Kwenye gari."

Alifumba macho kidogo. Kisha akasema atampigia mtu wa zahanati ya kwetu aje amwekee mzee maji kwa njia ya chini, na chupa irudi leo. "Lakini vidonge vinapimwa kwa majibu. Kila siku mtu amuulize amepata choo au hapana, kigumu au laini, na mkojo unatoka vizuri, maana hata kibofu kinaweza kubana. Nani atamuuliza?"

Nikatazama mlango.

"Si ninyi ndugu zake?"

"Sisi ndio," nikasema.

Nikashukia Makambako mjini. Shemeji alikuwa anampimia mteja misumari. Alinichangamkia, akaniletea kiti, akatuma soda. Ana ukarimu, sikatai. Nilipotaja chupa akakohoa.

"Usianze kukohoa, shemeji," nikasema. Sijui ilitoka wapi. Mteja akainua macho kutoka kwenye mzani.

"Shemeji?"

"Vidonge viko kwenye gari lako tangu siku ile. Navitaka. Na chupa naitaka."

Nikamweleza habari ya ngumi na ya mnong'ono, vibaya, nikirudia rudia. Alisikiliza na uso wa mtu aliyesoma. Kisha akacheka kidogo.

"Haya, tuseme ni hivyo. Nani atamuuliza baba? Wewe? Mkamwana umuulize mkwe wako habari za choo?"

"Wewe muulize basi."

"Mimi?" Aliitazama misumari. "Mimi ni mtoto wake wa kwanza. Siwezi, shemeji. Jamani, siwezi."

Alisema kweli. Nilimwona pale jinsi alivyo: mtu mzima mwenye gari na koti, ambaye angemwacha baba yake aume blanketi kuliko kutamka neno moja la chini ya mkanda. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na hayo pia nayaandika. Akavileta vidonge kutoka kwenye gari, akafungua kabati mwenyewe. Aliponipa chupa na kibomba chake, nikaona kwamba alikuwa amefarijika kuondolewa mzigo, na dharau yangu badala ya kupungua ikaongezeka. Sijui kama hiyo ni haki. Nimejiuliza tangu hapo na sijapata jibu.

"Likitokea lolote, mimi simo," akasema.

"Hujawahi kuwemo," nikajibu, na mteja akalipia misumari yake akaondoka bila kuingoja chenji.

Nilimkuta mzee ameegemea ukuta wa upande wa jua, blanketi mabegani. Nikaketi mbali kidogo na ungo wa maharage, nikampa mgongo. Niliona akiongea na mgongo itakuwa nafuu kwetu sote. Nilichambua maharage ambayo yalikuwa yameshachambuliwa.

"Baba, hospitali wameniagiza swali."

"Waambie salama."

"Siyo hilo. Wanauliza habari za choo."

Jogoo wa jirani alipita. Nilihisi masikio yangu yanawaka, nikafikiri, nimevunja, hatazungumza nami tena, na dawa ndiyo basi.

"Wamekuagiza wewe?" akasema hatimaye. "Kaka yake mumeo yuko wapi?"

"Anauza misumari, baba."

Nikasikia kitu kama kikohozi, nikageuka kidogo kwa hofu. Mzee alikuwa anacheka, ameshika tumbo kwa maumivu ya kucheka.

"Geuka huko," akasema. "Nikikuona sisemi." Nikageuka. "Tangu Jumapili ile ya mavuno kanisani. Waambie hivyo. Na mkojo unakuja kwa kubembelezwa. Hayo ndiyo, na Mungu anisamehe, na wewe unisamehe."

"Hakuna kosa, baba. Dawa ndiyo inafanya. Inakunja ngumi ndani."

"Kumbe ni dawa?" Nikasikia akivuta blanketi. "Mimi nilijua ndiyo kufa kwenyewe kumeanza huko."

Hilo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Sisi wote tulikuwa tunabishana juu ya chupa, na yeye alikuwa anakaa kule uani peke yake akidhani mwili wake unafungwa mlango mmoja mmoja.

Mtu wa zahanati alikuja, akafunga mlango, akafanya kazi yake. Jioni mzee alikunywa morfini yake na vidonge, na maji mengi ya vuguvugu. Siku zilizofuata nilikaa na ungo wangu, nikampa mgongo, nikauliza, akajibu, nikapeleka majibu kwa simu Njombe, wakaongeza kidonge, wakapunguza. Viazi vikaacha kurudi na sahani. Kuku wa jirani wakapata tena nafasi yao ya udiwani. Aliishi mpaka mvua za kwanza, na alipokwenda alikuwa analala ubavu wa kulia, ule alioupenda, blanketi limemfunika mpaka kidevuni.

Shemeji anasimulia kwamba ni maombi. Huenda maombi yalikuwemo pia, mimi si wa kuyapima. Lakini nilikuwepo Jumapili moja, mzee akiwa bado hai, alipokuja na wazee wenzake wa kanisa, wamejaa sebuleni na Biblia magotini, naye anawaeleza jinsi tumbo la baba lilivyofunguliwa kwa mfungo wa siku tatu. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, anasikiliza kwa adabu. Nilipoingia na chai akainua kidole.

"Mkamwana. Leo hujaniuliza."

Nikaweka sinia chini. Shemeji akanitazama kwa macho ya kuomba, kwelikweli ya kuomba, na ningeweza kumhurumia. Nikampa mzee mgongo, nikauliza.

Alijibu kwa ukamilifu, rangi na ugumu, kwa sauti ya mtu anayetoa hesabu ya mahindi yake mwenyewe. Mzee mmoja wa kanisa akatikisa kichwa akasema, "Hilo ni jambo jema, mzee mwenzangu, mimi langu linanisumbua sana siku hizi." Shemeji alisimama akasema anakwenda kuangalia gari.

Gari lilikuwa mlangoni, mahali ambapo wote tuliliona.